Kabla Hujamwongezea Tuisheni

Hotuba ya mwalimu wa hisabati kwa wazazi na walezi, siku ya kupokea ripoti za muhula

Wazazi na walezi wetu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: itifaki imezingatiwa, na asanteni kwa kufika.

Ripoti mmeshazipata. Wapo waliozisoma mara mbili huku wakitabasamu, nawapa hongera. Wapo pia waliozikunja upesi na kuzitia mfukoni. Leo nataka kuzungumza na hao wa pili. Mtoto wako alikuwa anashika nafasi ya kwanza au ya pili tangu alipojua kuandika jina lake. Akafaulu, akachaguliwa kuingia shule ngumu, mkafurahi nyumba nzima. Sasa yuko mwaka wa pili, na karatasi inasema ni wa 38 kati ya wanafunzi 42. Unajiuliza ameharibika lini.

Hajaharibika. Ila kuna kitu kinamshinda, na ombi langu kwenu ni moja tu: kabla hujamwongezea tuisheni, kabla hujamnyang'anya simu, kabla hujawaita wajomba na mashangazi waje kumkalisha kitako, hakikisha unajua kinachomshinda ni kitu gani hasa. "Hasomi" si jibu. "Fizikia inamtesa" nalo bado si jibu.

Hapa mkononi nina karatasi ya mtihani wa fizikia. Mwenyewe ameniruhusu niisome bila kumtaja. Alipata 31 kwa 100. Swali la kwanza linasema gari lilikuwa linakwenda mita 4 kwa sekunde, na baada ya sekunde 3 likawa linakwenda mita 19 kwa sekunde. Tafuta mchapuko wake, yaani mwendokasi umeongezeka kiasi gani kila sekunde. Mwanafunzi huyu ameandika kanuni sawasawa: mwendokasi wa mwisho ni sawa na mwendokasi wa mwanzo, jumlisha mchapuko mara muda. Ameweka namba mahali pake: 19 ni sawa na 4 jumlisha 3 mara mchapuko. Mpaka hapo hana kosa hata moja. Halafu mstari unaofuata anaandika: 19 toa 4, toa 3, jibu 12. Jibu sahihi ni 5. Alipaswa kutoa 4, kisha agawanye kwa 3. Yeye ile 3 ameitoa.

Nikageuza ukurasa. Swali la umeme, volti 12, mkondo wa ampea 3, tafuta ukinzani. Kanuni ipo, tena sahihi. Jibu lake ni 9, yaani 12 toa 3. Linalotakiwa ni 4, yaani 12 gawanya kwa 3. Swali la densiti, kosa lile lile. Nikahesabu maswali aliyopoteza kwa kosa hilo peke yake, nikakuta yamekula karibu nusu ya alama zake zote zilizopotea.

Sasa niambieni, huyu fizikia inamshinda? Fizikia anaijua. Kinachomshinda ni kuhamisha namba kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda upande wa pili, jambo linalofundishwa mapema sana, na ambalo kwa sababu fulani lilimpita. Labda wiki hiyo alikuwa mgonjwa. Labda shule aliyotoka maswali yalikuwa mepesi kiasi kwamba jibu liliweza kupatikana kwa kukisia. Ukimpeleka tuisheni ya fizikia, atafundishwa upya fizikia ambayo tayari anaijua, atarudi nyumbani saa mbili usiku amechoka, na mtihani ujao ataandika 12 tena. Kijana huyu alihitaji mazoezi mafupi ya algebra, kila siku kidogo, mpaka mkono uzoee. Hakuna aliyelijua hilo kwa sababu kila aliyeishika karatasi aliangalia ile 31 iliyoandikwa kwa wino mwekundu, akaishia hapo.

Hesabu na sayansi ndivyo zilivyo, mada ya leo inasimama juu ya mada ya juzi. Lugha nazo vivyo hivyo, kwa njia yake. Mtoto anayeandika insha mbovu za historia mara nyingi tarehe anazikumbuka vizuri. Hajui tu kujenga aya inayojibu swali lililoulizwa, akiambiwa "eleza sababu" anasimulia kisa kizima kuanzia mwanzo. Tena hapo dawa si kukariri tarehe zaidi.

Najua kuna mzazi anajisemea moyoni kwamba yeye fizikia hakusoma, atajuaje kosa liko wapi? Huhitaji kuijua. Kaa na mwanao, fungueni karatasi, umwambie: "Nifundishe swali hili kama vile mimi sijui kitu." Kisha nyamaza, usikilize. Ataeleza vizuri, vizuri, vizuri, halafu atafika mahali atasema, "Halafu hapa unafanya tu hivi." Ukimuuliza kwa nini unafanya hivyo, atababaika au atakasirika. Hapo ndipo penyewe. Wekeni alama ya penseli, na kesho ampelekee mwalimu. Mwalimu anayeletewa mtoto akisema "sielewi hesabu" hana pa kuanzia. Akiletewa mtoto anayesema "sielewi kwa nini hapa tunagawanya badala ya kutoa", dakika kumi zinamtosha.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Mtoto anaingia mlangoni na mkoba begani, swali la kwanza analokutana nalo ni "Umepata ngapi?" Anajibu, "Sawa tu." Unamuuliza sawa tu ndiyo ngapi, anasema karatasi hazijarudishwa, anaingia chumbani. Mazungumzo yamekwisha, na nyote wawili mmekasirika. Sikwambii usiulize alama, ni haki yako kuzijua. Lakini jaribu siku moja kusema, "Nionyeshe swali moja lililokusumbua leo." Siku ya kwanza atakutazama kwa mashaka. Endelea. Siku atakapotoa daftari mwenyewe utajua mmeanza kuelewana.

Nije kwenye jambo ambalo kwa wanafunzi wa shule ngumu naliona karibu kila mwaka. Watoto hawa hawajawahi kufundishwa kusoma. Nisieleweke vibaya: huko nyuma hawakuhitaji. Akili ilikuwa nyepesi, mwalimu akisema mara moja linaingia, usiku wa kuamkia mtihani anapitia daftari mara moja, anapata 90. Akifika hapa anaendelea na mbinu ile ile, ila mada ni mara tatu zaidi na maswali hayaulizi tena ulichokariri. Anashindwa. Anaongeza saa. Anasoma mpaka usiku wa manane, anapigia mistari rangi ya njano, ya kijani na ya waridi, na matokeo hayabadiliki. Hapo ndipo anapoanza kuamini kwamba hana akili, kwa kuwa anasema, "Nimesoma sana, na bado."

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Walikusanya wanafunzi wa chuo kikuu, wakawapa habari fupi waisome. Kundi moja liliisoma, kisha likairudia kuisoma. Kundi la pili liliisoma, kisha likafunika karatasi na kuandika kila walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi kidogo. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliorudia kusoma walikumbuka kama asilimia 42, na waliojijaribu walikumbuka kama asilimia 56. Muda waliotumia ulikuwa sawa, kwa hiyo tofauti ni ya mbinu.

Mwaka 2013 kundi la watafiti likiongozwa na John Dunlosky lilipitia mbinu kumi ambazo wanafunzi hutumia kusomea. Kurudia kusoma na kupigia mistari ziliwekwa daraja la chini. Mbili zilizopewa daraja la juu ni kujipima mwenyewe, na kugawa masomo katika siku mbalimbali badala ya kuyarundika usiku mmoja. Kwa hiyo, wanafunzi mlioko nyuma: funga daftari. Andika kwenye karatasi tupu unachokumbuka kuhusu mada. Kisha fungua, tazama ulichosahau, na hicho ndicho cha kusoma. Rudia keshokutwa, na tena wiki ijayo. Itauma. Kurudia kusoma kunakupa raha ya kudhani unajua, lakini kujipima kunakuonyesha usichokijua, na hakuna anayependa kuonyeshwa hilo saa tatu za usiku. Fanya hivyo hivyo.

Lipo jambo lingine, na hili linahusu moyo. Mtafiti Herbert Marsh aliandika mwaka 1987 kuhusu hali ambayo baadaye imethibitishwa katika nchi nyingi: ukichukua watoto wawili wenye uwezo sawa kabisa, mmoja ukampeleka shule ya kawaida na mwingine shule ya wenye uwezo mkubwa, huyu wa pili kwa kawaida atajiona hajui kuliko mwenzake. Uwezo wake haujapungua hata chembe. Kilichobadilika ni watu anaojilinganisha nao. Kijana wa miaka kumi na tano hajilinganishi na vijana wote wa nchi, anajilinganisha na huyu aliyekaa naye dawati moja, na huyo naye alikuwa wa kwanza huko alikotoka.

Fikiria maana yake. Kwa miaka minane au tisa mtoto huyu alijitambulisha kwa kitu kimoja: mimi ndiye mwenye akili. Majirani wamemwita hivyo, na nyinyi wazazi mmejivunia hivyo mbele ya wageni. Kitu hicho kimeondoka. Kumbe alikuwa hana jina lingine. Ukiona mtoto aliyekuwa msemaji amekuwa mkimya, au aliyekuwa mtaratibu amekuwa mjuvi na mkali, usikimbilie kusema ni ujana. Inawezekana anaomboleza, na hakuna aliyempa pole.

Katika hili sisi watu wazima tuna mchango wetu. Watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano. Watoto walifanya mafumbo, kisha wengine wakasifiwa kwamba wana akili na wengine wakasifiwa kwamba wamejitahidi. Baadaye wote wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Waliosifiwa akili walikata tamaa mapema na hawakutaka kuendelea. Tena walipoombwa wawaandikie watoto wa shule nyingine alama walizopata, karibu wanne katika kila kumi kati yao walidanganya. Kwa waliosifiwa juhudi, waliodanganya walikuwa wachache zaidi, kama mmoja katika kila wanane.

Kwa hiyo mzazi ukigundua mwanao alificha karatasi tatu chini ya godoro, kabla hujamwita mwongo, jiulize anaogopa kupoteza nini kwako. Uongo usiuache upite, uzungumzwe na usirudiwe. Lakini mwambie kwa mdomo wako, bila kona: "Alama hizi hazijapunguza mapenzi yangu kwako." Msidhani anajua. Wengi hawajui, na wengi hawawezi kuuliza. Na tafadhali, yule binamu anayesomea udaktari apumzishwe kutajwa.

Usingizi. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016: kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa siku. Miili yao katika umri huu huchelewa kupata usingizi usiku, ni maumbile, si ukaidi. Tena shule zetu zinaanza mapema. Ukijumlisha tuisheni ya jioni, kazi za nyumbani na simu, hesabu haitoshi. Nami niseme waziwazi, kati ya saa ya ziada ya kusoma baada ya saa nne usiku na saa ya kulala, kwa mtoto aliyechoka mimi nachagua kulala. Ubongo uliolala vizuri ndio unaohifadhi kilichosomwa mchana. Simu ilale sebuleni, na ya mzazi ilale hapo hapo karibu nayo, la sivyo hamtasikilizwa.

Kuna watoto ambao tatizo lao halihusiani na mbinu wala moyo, na hawa ndio ninaowaonea huruma zaidi kwa sababu huadhibiwa kwa miaka. Yupo asiyeona ubao. Macho ya kutoona mbali mara nyingi huanza au kuongezeka katika umri wa kwenda shule, na mtoto hana namna ya kujua kwamba wenzake wanaona vizuri zaidi. Kipimo cha macho ni cha muda mfupi, nacho ningekifanya kabla ya mengine yote. Yupo ambaye kusoma maandishi ni kazi nzito kwake: herufi anazijua, maana anaielewa akisomewa, ila akisoma mwenyewe anatumia muda mara mbili ya wenzake. Kwa kuwa ana akili, alifidia huko nyuma kwa kusikiliza na kukumbuka. Sasa vitabu ni vinene, fidia haitoshi tena. Yupo pia ambaye hawezi kushikilia umakini, anaanza kazi tano na hamalizi hata moja, hata ile anayoipenda. Hali hizi zina majina, zina wataalamu, na zina namna za kusaidiwa, ikiwa ni pamoja na kuongezewa muda wa mtihani. Akili nyingi hazimkingi mtoto na hali hizi. Mara nyingi huzificha tu, mpaka anapofika shule ngumu.

Hili linalofuata nawaomba mlisikilize kwa makini, hata ambaye ripoti ya mwanawe ni nzuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mmoja kati ya kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Angalieni hapa ukumbini mhesabu wenyewe. Mtoto akiacha mambo aliyokuwa akiyapenda, akijitenga na rafiki zake, usingizi au ulaji ukibadilika kwa wiki kadhaa, akisema maneno kama "bora nisingekuwepo" au akianza kugawa vitu vyake, hapo suala la alama linawekwa kando kabisa. Muulize moja kwa moja kama anawaza kujiua. Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampa wazo. Hakumpi. Kunampa ruhusa ya kusema. Akisema ndiyo, usimhubirie na usimwache peke yake. Ondoa karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho, na mpeleke kwa daktari au mshauri siku hiyo hiyo. Mtihani utafanywa mwaka mwingine.

Na kwa wale ambao wameshajaribu yote haya, kuna swali ambalo wazazi huniuliza kwa sauti ya chini kwenye korido: je, nimhamishe? Wakati mwingine ndiyo. Kama mapengo yamejulikana, yamefanyiwa kazi kwa muhula mzima au miwili, analala, anasaidiwa, na bado kila asubuhi anaumwa tumbo kwa hofu ya kuja hapa, basi shule hii haimfai. Namsemea mwalimu mkuu wangu hapa mbele yake: kumhamisha mtoto si aibu, wala si kushindwa kwa mzazi. Wapo waliotoka kwenye shule za aina hii wakaenda kuwa wa katikati au wa juu kwingine, wakapata tena ujasiri wa kunyoosha mkono darasani. Ila usimhamishe kwa hasira ya siku ya ripoti, wala usiitumie shule nyingine kama tishio, kwa maana ukishaifanya adhabu, siku atakapoihitaji ataikataa. Amueni pamoja naye, akiwa ameketi mezani na kauli yake inahesabika.

Mkikutana na walimu leo, ingieni na mtoto. Msimwache nje ya mlango tukimjadili kama mgonjwa aliye chumba kingine. Usimuulize mwalimu "Mwanangu ana shida gani?" kwa kuwa utajibiwa "aongeze bidii", na jibu hilo halina kazi. Muulize: ni makosa gani anayarudia? Ni mada ipi ya nyuma anayoikosa? Katika wiki mbili zijazo afanye nini, na tutajuaje kama kimesaidia? Mwalimu akikosa majibu leo, mpangiane siku, na arudi nayo. Hilo ni jukumu letu na mna haki ya kutudai.

Karatasi za mitihani zote za muhula huu ziko kwa walimu wa masomo, zimepangwa kwa majina. Mimi niko chumba cha mwisho kushoto, na nitakaa mpaka mzazi wa mwisho amalize. Njooni na penseli.